Mwalimu wa hesabu hayupo: dalili, vyanzo, na pa kuanzia kurekebisha

Kila muhula naletewa malalamiko yale yale, yamebadilika majina tu. Mama wa Bombolulu anasema mwanawe hana mwalimu wa hesabu tangu wiki ya tatu. Kijana wa Kidato cha Nne kutoka Likoni anasema mwalimu wao yupo, ila Jumatatu kipindi cha kwanza humkuta bado yuko upande wa pili wa feri. Monita mmoja aliniuliza afanye nini na wenzake hamsini kwa dakika 40 zisizo na mtu mbele. Nimefundisha hisabati kwenye shule za kutwa za hapa Mombasa kwa miaka mingi, na sasa alasiri hukaa barazani Majengo na yeyote anayekuja na daftari lake. Haya nayapanga kama fundi wa redio apangavyo kazi yake: dalili kwanza, halafu vyanzo, kuanzia kile kinachotokea zaidi.

Darasa likikosa mwalimu watu hudhani limekosa maelezo. Maelezo yamo kitabuni, tena mengine ni mazuri kuliko yangu. Kinachokosekana ni mtu wa kukwambia "hapo, mstari wa pili, umeteleza" kabla hujateleza hivyo hivyo mara thelathini na mkono ukazoea. Mwanafunzi anayejisomea bila kusahihishwa anafanya mazoezi ya kosa lake. Kwa hivyo dawa nyingi utakazozikuta hapa zinakutafutia msahihishaji pahali pengine.

Dalili ya 1: Kengele imelia, dakika kumi zimepita, mbele hakuna mtu

Vyanzo, kwa jinsi ninavyovikuta:

1. Shughuli ya shule yenyewe. Yuko mkutanoni, anasimamia mtihani wa darasa jingine, amepeleka timu michezoni, au ndiye mwalimu wa zamu na kuna kisa getini.
2. Ratiba imesogezwa na darasa halikuambiwa. Ijumaa hasa, vipindi vikifupishwa kwa ajili ya swala.
3. Ugonjwa, msiba, feri, au mvua ya masika imefunga njia.
4. Likizo rasmi. Mwalimu wa TSC, yaani aliyeajiriwa na tume ya serikali ya walimu, akijifungua ana siku 120, na hizo zinaweza kumeza muhula mzima.
5. Mwalimu wa bodi, yule anayelipwa na shule yenyewe, ameacha kazi au hajalipwa.
6. Utoro.

Watu wengi huanza na namba sita. Wanafunzi wakishaamini kwamba mwalimu ni mtoro, hawatumi mtu tena ofisini, na kipindi ambacho kingeokolewa na mwalimu mwengine aliyekuwa hana kazi saa hiyo kinapotea bure.

Ukaguzi wa kwanza ni rahisi: monita aende ofisi ya walimu, mara moja, dakika ya tano. Asiende kushtaki. Aseme, "Shikamoo mwalimu. Sisi ni Kidato cha Tatu, tuna hisabati saa hii na mwalimu hajafika. Tuendelee na kazi gani?" Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Monita anayesema "mwalimu hajaja" hujibiwa "kaeni kimya". Anayeuliza kazi hupewa ukurasa.

Ukaguzi wa pili ni rejista. Chini ya TPAD, mfumo wa TSC wa kutathmini walimu, kuna fomu ya mahudhurio ambayo mwanafunzi mmoja wa darasa hujaza kila kipindi: kimefundishwa au hakikufundishwa. Nimeona madarasa yanayotia alama ya kufundishwa kila siku ili "tusimharibie mwalimu". Huruma hiyo naielewa, lakini inawaumiza nyinyi. Kipindi kilichoandikwa kwamba hakikufundishwa kinatakiwa kupangiwa wakati wa kufidiwa, na kilichoandikwa kwamba kimefundishwa hakuna atakayekitafuta tena. Andikeni ukweli, na mwalimu mwenye sababu yake hataumia, kwa kuwa sababu nayo huandikwa.

Simama: zikipita wiki mbili bila mwalimu na bila wa kushika nafasi yake, mzigo huu si wa wanafunzi tena. Mzazi aende kwa mwalimu wa darasa, kisha naibu, kisha mwalimu mkuu, na aende na tarehe zilizoandikwa, si hasira peke yake. Akikwama hapo, kuna mwakilishi wa wazazi kwenye bodi ya shule na kuna ofisi ya TSC ya kaunti ndogo. Na wanafunzi wasigome, wala wasivunje kioo cha dirisha. Kioo hulipwa na wazazi, na mwalimu haji haraka kwa sababu hiyo.

Dalili ya 2: Kazi iliachwa ubaoni, na madaftari yote yana majibu sawa sawa

Chanzo cha kwanza ni kwamba wawili wamefanya na wengine wamenakili. Cha pili, maswali yalikuwa mengi mno kwa kipindi kimoja, na mtu akiona maswali kumi na tano hutafuta njia ya mkato. Cha tatu, kisichosemwa sana, ni kwamba darasa halikujua kazi itasahihishwa na nani, na kazi isiyo na msahihishaji hufanywa ili daftari lisikae tupu.

Kupima ni rahisi. Chukua daftari la mwanafunzi wa benchi la nyuma, ufunike mstari wa tatu kwa kiganja, umuulize, "Hapa ulipataje?" Akitazama dari, umeshapata jibu.

Mpangilio ambao nimeuona ukifanya kazi kwenye kipindi cha dakika 40 ni huu, na nakuomba usiugeuze kabla hujaujaribu wiki mbili. Dakika tano za kwanza, mtu mmoja anasoma mfano wa kitabu kwa sauti, mstari kwa mstari. Dakika kumi na tano, kila mtu peke yake, kimya, maswali manne tu. Dakika kumi, vikundi vya watu wanne wanalinganisha, na inaruhusiwa kulinganisha njia peke yake, si jibu. Dakika kumi za mwisho, kila kikundi kinaandika jambo moja lililokikwamisha kwenye daftari moja la darasa zima. Sisi tuliliita daftari la kukwama. Hamuandiki "swali la 7 gumu". Mnaandika "swali la 7, mstari wa 3: kwa nini alama imegeuka?" Tofauti ya sentensi hizo mbili ni kwamba ya pili inajibika kwa dakika moja, na mwalimu yeyote wa hesabu anayepita kibarazani anaweza kuijibu amesimama.

Kuhusu nani ashike chaki: msimuweke yule bingwa wenu kila siku. Bingwa huruka mistari. Aliyeelewa jana, tena kwa tabu, ndiye anayekumbuka palipokuwa na mwiba.

Dalili ya 3: Tulikubaliana wote, na wote tumekosa

Hii ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Mwaka juzi walinijia vijana wanne wa Kidato cha Pili, madaftari yamefunguliwa kwenye swali moja:

5 − 3(x − 2) = 2x + 1

Hawakuja kuuliza. Walikuja kunionyesha kwamba kitabu kina makosa. Nyuma ya kitabu imeandikwa x = 2, na watatu kati yao walikuwa na x = −2/5.

"Ticha, sisi watatu kila mtu kafanya kivyake, na tumepata sawa. Kitabu ndicho kimekosea."

"Marahaba," nikamwambia.

Akacheka, akakumbuka. "Shikamoo."

"Haya. Chukua −2/5 yako uitie pale penye x. Upande wa kushoto peke yake."

Akaanza kuandika, wenzake wamemuinamia. Kushoto ikatoka 12.2. Kulia ikatoka 0.2. Pakawa kimya, sauti pekee ikawa ya tuktuk barabarani.

"Sasa tia 2."

Kushoto 5, kulia 5.

Hapo ndipo waliporudi juu wenyewe bila kuambiwa. Mstari wa pili, wote watatu walikuwa wameandika 5 − 3x − 6. Walijua kwamba 3 mara 2 ni 6, na ile alama ya kutoa iliyo mbele ya 3 wakaiacha ifanye kazi kwenye x, wakasahau kuipeleka mpaka kwenye 2. Kutoa tatu mara kutoa mbili ni kujumlisha sita: 5 − 3x + 6. Kutoka hapo 11 − 3x = 2x + 1, yaani 10 = 5x.

Yule wa nne alikuwa na kisa chake. Alitoa 3 kwenye 5 kwanza, akapata 2(x − 2) = 2x + 1, akafungua mabano, x zote zikafutana, akabakiwa na −4 = 1. Akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Swali lina makosa." Nilimpenda huyo. Angalau yeye aliona kwamba kuna kitu hakikubali. Wale watatu walikuwa na amani kabisa.

Vyanzo vya kosa la pamoja, kwa mpangilio: wote wamebeba kanuni moja mbovu, na pengine ilianzia kwa mtu mmoja aliyeshika chaki siku mwalimu hayupo, wote wameegemea kwa mmoja anayeaminiwa, au, mara chache, swali limenakiliwa vibaya ubaoni. Kwa hali zote tatu, kuhesabu wangapi wamekubali hakukusaidii kitu. Ishirini wanaweza kukosa sawa na watatu.

Linalosaidia ni kulifanya swali lenyewe likusahihishe. Mada nyingi zina njia hiyo, na watu hawaitumii kwa kuwa mwalimu alikuwa akiwafanyia:

- Mlinganyo wowote: rudisha jibu kwenye swali la mwanzo, si kwenye mstari wako wa pili.
- Umegawa usemi wa kwadratiki kuwa mabano mawili: yazidishe tena, uone kama umerudi ulikotoka.
- Kinyume cha matriki: izidishe na matriki yenyewe. Usipopata 1 kwenye mshazari na 0 kwengine kote, rudi.
- Uwezekano: matawi yanayotoka nukta moja ya mti lazima yajumlike kuwa 1. Jibu likizidi 1, usiendelee hata hatua moja.
- Integresheni: tafuta derivativu ya jibu lako. Ikurudishe mwanzo.
- Hesabu za biashara: kadiria kabla ya kushika kalkuleta. Ukipata kwamba muuza viazi vya karai ana faida ya asilimia 900, jiulize mbona bado hajajenga Nyali.

Kuna mada zisizojisahihisha: uchoraji wa rula na bikari, sababu za pembe za duara, uthibitisho wa vekta. Hizo, mkishafanya, ziingie kwenye daftari la kukwama hata kama mnaona mmepata. Hasa kama mnaona mmepata.

Dalili ya 4: Jibu langu halilingani na la nyuma ya kitabu

Kabla ya kurudia swali zima, pitia vyanzo hivi kwa mfuatano. Vitatu vya kwanza huchukua dakika moja.

Kalkuleta. Bonyeza sin 30. Ikitoa 0.5, iko sawa. Ikitoa −0.988, iko kwenye RAD. Ikitoa 0.454, iko kwenye GRAD. Hivyo ni vipimo vingine vya pembe. Irudishe DEG, yaani digrii. Kalkuleta za kuazimana darasani huhama hivi kila siku, na nimeona mtoto akilia kwa nusu saa juu ya swali la trigonometria alilolifanya barabara.

Pai. Duara lenye nusu kipenyo cha 7 lina eneo la 154 ukitumia 22/7, na 153.958 ukitumia 3.142. Soma swali limekuambia utumie ipi.

Kukata desimali mapema. Ukizungusha namba katikati ya hesabu, tofauti hukua mpaka chini. Beba tarakimu nne mpaka mstari wa mwisho.

Umejibu swali jingine. Wameuliza kipenyo, wewe umetoa nusu yake. Wameuliza riba, wewe umetoa jumla.

Swali lina dunia yake. Hapa nina mfano wa kwetu. Mombasa iko karibu na longitudo 40° Mashariki. Kila digrii moja ni dakika 4 za jua, kwa hivyo sisi tuko mbele ya Greenwich kwa dakika 160, yaani saa 2 na dakika 40. Mtoto mwerevu atakwambia hapana, saa ya simu inaonyesha tofauti ya saa 3. Yuko sahihi kuhusu simu, maana nchi nzima inatumia saa moja. Mtihani unauliza wakati wa pahali kwa jua.

Mwisho kabisa: kitabu kimekosea. Hutokea. Lakini ukifika hapa kabla ya kupita vyote vya juu, umeruka ngazi.

Simama: ukishafanya swali moja mara tatu na dakika ishirini zimekwisha, lifunge. Kutoka hapo unachojifunza ni hasira. Liandike kwenye daftari la kukwama, uende kwa linalofuata.

Dalili ya 5: Mfano wa kitabu naelewa, zoezi nakwama

Chanzo karibu siku zote ni kwamba mfano uliusoma kama hadithi. Macho yalipita, kila mstari ukaonekana wa haki, na mkono haukufanya kitu. Funika jibu la mfano, ulifanye mwenyewe kwenye karatasi, ufunue mstari mmoja mmoja ukilinganisha. Mfano ulioweza kuufanya huku umefunikwa ndio ulioelewa. Ukifanya hivyo kwa mifano miwili na zoezi bado linakataa, shida haiko kwenye mada hii. Iko chini yake, na hiyo ni dalili inayofuata.

Dalili ya 6: Mada nzima imerukwa, na sasa kila kinachokuja hakishiki

Hutokea baada ya likizo ndefu ya mwalimu, baada ya mgomo kama ule wa 2015 uliokula takriban wiki tano, au mwalimu mpya anapoanza pale skimu, mpango wa kazi wa muhula, inaposema badala ya pale darasa lilipoachwa. Wanafunzi waliokuwa nyumbani tangu Machi 2020 shule zilipofungwa kwa korona wanaijua vizuri: walirudi, silabasi ikakimbizwa, na mashimo yakafunikwa kwa mchanga.

Hisabati ina ngazi. Logarithi zimekaa juu ya vipeo. Mlinganyo wa kwadratiki umekaa juu ya kugawa kwa mabano, na mabano yamekaa juu ya namba hasi. Ukikwama juu, usiendelee kusukuma. Shuka. Chukua maswali matano ya mada iliyo chini yake. Ukipata manne, hapo sakafu ni imara, panda kutoka hapo. Ukipata mawili, shuka tena. Kijana wa Kidato cha Nne akikutwa anashuka mpaka hesabu za sehemu, kama 3/4, za Kidato cha Kwanza asione haya. Ni kazi ya jioni tatu au nne tu, na mimi nimeshashuka huko na wengi.

Je, mada mpya kabisa unaweza kuianza bila mwalimu? Zipo ambazo ningekuruhusu: takwimu, hesabu za biashara, kuzidisha matriki, mfuatano wa namba. Hatua zake zinaonekana na majibu yake yanajipima. Grafu za mawimbi nazo, kwa mtoto wa pwani, zina mlango wazi. Kaa Kilindini ujue maji yanajaa na kupwa, na kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25: huo ndio muda wa mzunguko mmoja. Siku za bamvua maji yanapanda sana na kushuka sana, siku za maji mafu yanasogea kidogo tu: hicho ndicho kimo cha wimbi. Mvuvi asiyeshika kalamu anaijua grafu hiyo, amebaki kuichora.

Zile ambazo ningekwambia usubiri mtu: jiometria ya vipimo vitatu, mahali pa nukta zinazofuata sharti (loci), na siku ya kwanza ya difarensiesheni. Kanuni yake ya kushusha kipeo inashikika kwa dakika mbili, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu utapata majibu bila kujua yanasema nini, na swali la kasi ya gari likija utaketi ukilitazama.

Wazazi hapa hukimbilia tuisheni. Sina ugomvi na mwalimu mzuri wa jirani, mimi mwenyewe niko barazani. Lakini jueni mambo mawili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, imepiga marufuku tuisheni ya likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mtoto hawezi kufukuzwa shule kwa kukataa kuilipia. La pili: simama ukiona mwalimu haonekani kipindi cha asubuhi ila jioni anafundisha mada ile ile kwa malipo. Usilipe ukanyamaza. Hilo linapelekwa kwa mwalimu mkuu, na kwa TSC ikibidi.

Dalili ya 7: Nyumbani kazi yote imepata, mtihani sufuri

Simu. Ni simu, mara tisa kwa kumi za nilizoziona. Swali linapigwa picha, programu inatema hatua zote, mtoto ananakili kwa mwandiko mzuri. Mzazi anaona daftari limejaa, anafurahi.

Mzazi usiyejua hesabu, kipimo chako ni hiki: chagua swali moja la jana, lenye alama ya vema, umpe karatasi tupu na kalamu, simu ibaki mkononi mwako. Kama hawezi kulirudia leo, jana halikufanywa na yeye. Usimpigie kelele. Mwambie, "Mwanangu, simu utaishika baada ya kujaribu dakika kumi, na ukishaona njia unaifunga na kuandika upya ukurasa mwengine." Ikitumika hivyo, simu ni msahihishaji kama wengine, na usiku wa manane hakuna mwengine.

Wanafunzi wa KCSE, mtihani wa mwisho wa Kidato cha Nne, kumbukeni unavyolipa. Karatasi mbili, kila moja saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, alama 50. Ya pili ina manane, unachagua matano, kila moja alama 10. Alama nyingi ni za njia, si za jibu la mwisho. Anayejua njia akateleza kwenye kujumlisha bado anavuna. Anayekumbuka jibu bila njia hana pa kushika.

Dalili ya 8: Makosa hayana mpangilio, au alama zimeanguka ghafla

Anza na macho. Mtoto anayenakili 6 kama 8 kutoka ubaoni, anayekunja uso, anayeomba daftari la jirani kila mara, pengine hajui kwamba haoni. Msogeze benchi la mbele wiki moja. Makosa yakipungua, mpeleke kliniki ya macho, tuisheni isubiri.

La pili ni joto na njaa. Februari, darasa la mabati, kipindi baada ya chakula cha mchana ambacho hakikuliwa: hapo hata mimi nilikuwa nikikosea ubaoni. Mwezi wa Ramadhani sogezeni maswali magumu asubuhi.

La tatu ni mtoto ambaye miaka yote namba zinamchezea, hasomi saa, hakadirii pesa za chenji dukani, ilhali masomo mengine yuko sawa. Huyo asiitwe mvivu. Kuna vituo vya tathmini ya elimu, EARC, chini ya Wizara ya Elimu, na mwalimu wa darasa anaweza kumwelekeza mzazi huko.

Simama kabisa: alama zikianguka pamoja na mtoto kukwepa mtu fulani, mwalimu au mwalimu wa tuisheni, kutotaka kubaki naye peke yake, au kuja na zawadi zisizoeleweka, hesabu si tatizo tena. Usimhoji kama askari, na usiende kumalizana kifamilia. Piga 116, simu ya kitaifa ya watoto. Kwa mwalimu, TSC ina waraka wake namba 3 wa 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono, na aliyejua akanyamaza naye ana la kujibu. Masomo ya jioni, kwa kila mtoto, yawe barazani au mlango wazi. Yangu ni barazani, na mama mbaazi amekaa hatua sita.

Dalili ya 9: Mwalimu amerudi, na bado hatuelewi

Mara nyingi amerudi na haraka. Skimu inasema wiki ya tisa, yeye aliondoka ya tano. Monita ampelekee daftari la kukwama kabla ya kipindi, ofisini, si mbele ya darasa, na awe ameshachagua maswali sita tu. Arubaini hayatasomwa. Achague yaliyokwamisha vikundi vingi, hata kama yanaonekana ya kitoto, na la kwanza liwe na namba ya mstari.